Mtandao uliyumba siku ya soko, nikatuma laki nne na sitini mara mbili

MawesePembeni (Bwera, Kasese):

Assalam aleikum wenzangu, na wasio Waislamu habari zenu. Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa hapa Bwera, magharibi mwa Uganda, kwenye barabara inayoshuka mpakani Mpondwe. Pembeni nauza mawese ya Congo kwa jerikeni, lakini riziki yangu hasa iko kwenye simu.

Siku ya soko iliyopita, saa nne na kitu asubuhi, foleni imefika hadi kwa muuza chapati, mtandao ukaanza kuyumba. Mama mmoja wa samaki wa chumvi alinipa 460,000 taslimu nimtumie mtu wake Kampala. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, nikaweka namba ya siri. Simu ikafikiri weee, mwisho ikasema imeshindwa kuunganisha. Kwangu hakuna meseji, kwa yule wa Kampala hakuna meseji. Watu nyuma wananisukuma kwa macho. Nikarudia. Safari hii ikasema ombi limepokelewa, nikamwambia mama haya, nenda salama.

Dakika arobaini baadaye mtandao ulipotulia, meseji mbili zikaingia kwa mkupuo. Zote mbili zilikuwa zimekwenda. Laki tisa na elfu ishirini! Mtu wa Kampala alishazitoa zote na simu yangu haipokei. Mama wa samaki anasema, na ana haki, "Mimi nilikupa moja."

Jambo la pili mtacheka, lakini mimi silicheki. Simu yangu ikikosa mnara wa huku inashikwa na mnara wa Congo, ng'ambo ya mto Lubiriha. Congo ya upande huu saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ramadhani iliyopita niliweka alamu ya daku saa kumi na moja. Usiku simu ikavuka mpaka bila pasipoti, alamu ikalia kwa majira ya Kasindi ya Congo, yaani kwetu saa kumi na mbili. Adhana imeshapita, wali uko kwenye sufuria umefunikwa vizuri. Nikafunga siku nzima na maji niliyokunywa jana yake. Hapo bado sijasema muda wa maongezi unaolambwa ukipiga simu ukiwa umeshikwa huko.

Sasa nauliza. Nyinyi mlio kwenye kazi hii, mtandao ukianza kuyumba mnafunga kibanda? Mimi nikifunga siku ya soko, wateja wanaenda kwa jirani na hawarudi. Na hii simu kurukia Congo nizuieje?

BodaStejiYaPili:

Mama, nunua laini ya kampuni nyingine uongeze. Mimi ninazo mbili, moja ikilala nyingine inaamka.

MawesePembeni:

Kijana wangu, mbili ninazo tangu zamani. Siku hiyo zilizimika zote pamoja kama zimekubaliana.

FundiNguzo:

Mama, pole sana. Na kweli zilikubaliana. Nimefanya kazi ya minara miaka sita, nilianza kwa kubeba dizeli begani, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Minara mingi hapa Uganda si mali ya kampuni za simu. Ziko kampuni za minara zenye nguzo, betri na jenereta, na kampuni za simu zinapanga pale kama wapangaji wa nyumba moja. Umeme ukikatika, betri zikaisha, na jenereta haina dizeli (au dizeli imeibwa, hilo nalo lipo sana), wapangaji wote wanalala giza. Laini mbili zinakufaa tu kama zinashika minara tofauti. Zikiwa zinazimika dakika moja kila mara, jua ziko nguzo moja. Hapo laini ya tatu ni hasara tu.

Tena nyinyi mko chini ya Rwenzori. Mnara wa pembeni mara nyingi haujaungwa na waya. Unampasia mwenzake wa kilima cha pili kwa yale masahani meupe ya duara, naye anampasia mwingine, mpaka wafike penye waya wa faiba. Mvua kubwa ikisimama katikati ya masahani mawili, mawimbi yanafifia. Mnara mmoja wa katikati ukikosa umeme, wote walio nyuma yake wanakuwa bubu. Ndiyo maana Bwera jua linawaka, watu wanatukana, kumbe mvua inapiga kilima wasichokiona.

Kabla hujagusa pesa ya mtu, jua kwanza kilichokufa ni nini. Kama vijiti vya mtandao vimeisha, ni mnara. Hapo hata kutembea mita mia mbili kupanda juu kunaweza kusaidia. Kama simu inapiga vizuri lakini menyu ya pesa inagoma, ni mitambo ya pesa yenyewe huko makao makuu. Usihangaike kupanda kilima, kaa chini unywe chai. Na kama unapiga, menyu inafunguka, ila WhatsApp imekufa, hiyo ni intaneti tu. Inaweza kuwa imekatikia mbali sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, nasi tusio na bahari tukasota, kwa sababu intaneti yetu inapita Kenya au Tanzania kuifikia pwani. Lakini menyu ya nyota na reli haitumii intaneti ya simu yako. Kwa hiyo usimfukuze mteja eti WhatsApp haiendi.

Simu ya kazi iweke kwenye 2G peke yake. Kupiga, meseji na menyu ya pesa havihitaji zaidi ya hapo, na simu haihangaiki kutafuta 4G ya kubahatisha. Katochi, ile simu ndogo ya vibonye, inafanya hivyo bila kuambiwa, ndiyo maana mawakala wengi wa zamani hawaiachi.

Kuhusu Congo: ingia kwenye mipangilio ya mtandao, ondoa kule kuchagua kwenyewe, chagua kampuni yako kwa mkono. Itakataa kuvuka. Mnara wako ukilala utabaki bila kitu, lakini angalau utajua umebaki bila kitu. Kisha kwenye saa, zima ile ya kujirekebisha yenyewe. Kama Kampala haimo kwenye orodha, chagua Nairobi, majira ni yaleyale.

EjentiBusia:

Dada yangu wa Bwera, huku kwetu simu zinarukia Kenya, nafuu yetu saa ni zilezile.

Yaliyokupata yalinipata mwaka wangu wa kwanza, kwa 300,000. Toka siku hiyo sirudii muamala kabla ya kuangalia salio la floti, yaani pesa ya kazi iliyo kwenye laini. Sijali foleni, sijali mteja ana basi. Meseji ni barua, inakuja baadaye. Kazi yenyewe imeshafanyika kwenye mashine yao, barua bado iko njiani. Ukingoja meseji ndiyo uamini, utatuma mara tatu. Salio likishuka, imekwenda, hata kama simu yako imeandika imeshindwa. Salio likibaki palepale, subiri dakika chache, angalia tena, ndipo urudie.

Ili hilo liwezekane lazima ujue salio lilikuwa ngapi kabla. Mimi nina daftari, na kabla ya kila muamala unaozidi laki moja naandika salio kwa kalamu. Mume wangu ananicheka, ananiita karani wa mkoloni. Acha acheke.

Na kama menyu ya salio nayo haifunguki? Hapo hakuna kazi. Sitoi taslimu, na nikipokea siiti pesa yangu. Mteja akitaka kuniachia, naiweka kwenye bahasha mbele yake, naandika namba ya mpokeaji, kiasi na saa, tunatia sahihi wote wawili. Mtandao ukirudi natuma, nampigia. Wengi wanakubali. Asiyekubali aende kwa jirani. Huyo jirani ndiye atakayeandika hapa wiki ijayo.

Kwa mtu wa Kampala: ungepiga huduma kwa wateja palepale na namba ya muamala, kabla hajatoa, pengine wangeizuia. Ikishatolewa kampuni haina cha kushika. Sasa usimpigie kwa simu yako, mpigie kwa simu ya mama wa samaki. Anayekukwepa wewe hawezi kumkwepa anayemletea mali kila wiki. Akikataa pia, mpeleke mama kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, muandikishane, maana yeye ndiye anayemjua, si wewe.

Muulizaji_tu:

Samahani kuingilia. Jerikeni ya mawese ya lita ishirini bei gani siku hizi?

MzeeKoboko:

Wanangu, nawasoma tu. Sisi kabla ya 2009, pesa za simu hazijaingia Uganda, tulimpa dereva wa basi bahasha. Ulimjua dereva, ulimjua na mke wake. Bahasha ilifika au haikufika, lakini haikufika mara mbili hata siku moja!

Nitaongeza moja ambalo fundi hakuligusa. Kuna kuzimika kwa mvua na kuna kuzimika kwa kauli. Februari 2016, tarehe 18, siku ya kupiga kura, mitandao ya kijamii na pesa za simu vilifungwa. Mimi nilikuwa na mgonjwa hospitali na pesa yote iko kwenye laini. Mwenye duka la dawa ananijua, akanipa kwa daftari. Januari 2021 intaneti ikafungwa usiku wa kuamkia kura, ikarudi tarehe 18. Kupiga simu tulipiga. Tangu mwaka ule wa kwanza, kila karibu na uchaguzi natoa taslimu ya wiki mbili, posho na maharage viwemo ndani, na mgonjwa wangu anakuwa na dawa za akiba. Vijana wananiambia mzee una hofu. Waniambie baada ya kura.

Mama wa Bwera, wewe mwenye kibanda wiki kama hiyo ndiyo ya kuwa na taslimu nyingi na floti kidogo. Siku za kawaida hesabu ni nyingine.

MawesePembeni:

Ahsanteni sana, na mzee ahsante. Narudisha majibu.

Nilimpigia mtu wa Kampala kwa simu ya mama wa samaki. Alipokea mlio wa pili! Akasema eti alidhani ni malipo ya mzigo wa mbele. Amerudisha 300,000, bado 160,000, ameahidi mwisho wa mwezi. Mama wa samaki amesema mzigo hautoki mpaka zikamilike, na huyo mama simjui kwa maneno ya bure.

Fundi, laini zangu mbili nimezichunguza kwa siku nne kama ulivyosema. Zinalala pamoja, zinaamka pamoja. Nimeacha kuzitegemea. Nimeongea na mwenye duka la vifaa huko juu, simu yake ya kampuni ileile haikupotea hata mara moja siku zile, nadhani anashika mnara mwingine. Tumekubaliana: kwangu kukizimika, kijana wangu anapanda kwake na katochi na daftari, namlipa mwenye duka elfu mbili kwa siku kwa usumbufu. Siku ya soko iliyofuata kulizimika kuanzia saa tano mpaka saa saba, kijana alipanda na kushuka mpaka viatu vikalia. Bahasha nilifunga tatu tu. Mkongo mmoja alinifokea, "Mama, franga yangu iko wapi?" Nikampeleka hadi kwa kijana akaone salio kwa macho yake, tukaishia kucheka.

Muulizaji_tu, njoo faragha nikutajie bei, hapa jirani yangu anasoma.

Simu haivuki tena. Na nimenunua saa ya ukutani, kubwa, nimeitundika mbele ili kila bahasha iandikwe kwa saa ileile kwa wote. Ila wateja wa Kasindi wakiingia wanaitazama, wanatazama simu zao, wananiambia, "Mama, saa yako inakimbia."