Stabilaiza za MGB ya mwaka 1975: nianzie mbele au nyuma?

MkaziWaKaren:
Habari zenu wakuu. Nina MGB (gari dogo la michezo la Uingereza) ya wazi ya mwaka 1975, ile yenye bampa nyeusi za mpira, ambayo mwisho wa juma huiendesha hadi Ngong na mara mojamoja kuteremka Mai Mahiu kwa barabara ya zamani. Injini haina tatizo. Kinachonisumbua ni kwamba gari hulala sana ubavuni kwenye kona, na nikigeuza usukani upande wa pili kwa haraka, bodi huchelewa kufuata. Muuzaji mmoja wa vipuri ananishauri nifunge stabilaiza (fimbo za chuma zinazozuia gari kulala konani) mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, tena zilizo nene kuliko zote. Je, ushauri huo unafaa kwa barabara zetu?

FundiKariobangi:
Mkuu, mwaka wa gari lako unaeleza mengi. Ili kutimiza sheria za Marekani, watengenezaji wake, British Leyland, waliliinua gari hilo na kulivika bampa nzito, kisha katika toleo la 1975 wakaondoa stabilaiza ya mbele ili kupunguza gharama. Anzia hapo: rudisha ya mbele kwanza, kisha uliendeshe gari kwa muda kabla ya kugusa nyuma.

Kuhusu unene, tafadhali usimsikilize muuzaji. Stabilaiza ni fimbo inayojisokota pale gurudumu moja linapopanda na la upande wa pili kushuka, na ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kiasi kwamba ukitoka milimita 16 hadi 19 tu, ugumu unakaribia kuwa maradufu. Kwenye tuta, magurudumu mawili yanapopanda pamoja, fimbo haijisokoti na hutaisikia. Lakini gurudumu moja likiingia shimoni, mshtuko husafiri hadi upande wa pili, na kadiri fimbo ilivyo nene ndivyo gari linavyotupwa huku na huku. Kwa mashimo tuliyo nayo, mimi ningechagua ya unene wa wastani.

Bi_Mwanaisha:
Naafikiana na fundi, ila kuna kazi inayotangulia. Kwenye MGB, shokabzoba ya mbele ndiyo pia mkono wa juu wa sasipensheni, yaani mfumo unaoshikilia magurudumu. Inua gari, shika tairi juu na chini, ulitikise huku mwenzako akiutazama mkono huo: ukicheza kwenye shafti yake, au mafuta yakichuruzika, hakuna stabilaiza itakayokuokoa. Kagua pia bushi (vipande laini vya kwenye maungio) za mikono ya chini. Za mpira zikibadilishwa, bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa hewani, mpira hubaki umejisokota na hupasuka mapema. Ukipendelea za poliuretani (plastiki ngumu kuliko mpira), zipake grisi ya silikoni, la sivyo zitalia kila unapopita tuta.

Ngong_Bondeni:
Kwa heshima, sikubaliani kwamba ya nyuma ni ya kuogopwa. Kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye magari yote kuanzia toleo la 1977, na ikiambatana na ya mbele, gari hutii usukani vizuri zaidi.

FundiKariobangi:
Ni kweli, ndugu, lakini kiwanda kilirudisha na ya mbele kwa pamoja. Ya nyuma peke yake, au iliyo nene kupita kiasi, hupunguza mshiko wa tairi za nyuma, na lami ya Nairobi ikilowa baada ya kiangazi kirefu, mkia huchomoka ghafla. Gurudumu la ndani nalo huwa jepesi na kuzunguka bure ukikanyaga mafuta ukiwa bado konani.

MkaziWaKaren:
Nawashukuru nyote. Shokabzoba ya kushoto kwa kweli ina alama za mafuta, kwa hiyo nitaanza na hizo mbili pamoja na bushi, kisha nifunge stabilaiza ya mbele ya unene wa wastani. Bi Mwanaisha, je, shokabzoba hizi hutengenezeka hapa kwetu, au ni lazima niagize Uingereza?

Bi_Mwanaisha:
Mafuta na sili hubadilishwa hapahapa. Shafti ikiwa imelika, agiza zilizokarabatiwa, na uagize jozi.