Tupeane uzoefu: ahadi za kwenye Biblia mnazitumiaje?

Kiongozi wa Jumuiya
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwaka mpya ukikaribia, Yeremia 29:11 ("nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani") iko kila mahali: kwenye kadi, fulana, mabango ya mkesha. Mtu akiuliza "hii ni yangu?", mnamjibuje? Mimi namrudisha aya ya 1, kisha ya 10. Ile ni barua kwa waliohamishwa Babeli, na muda umetajwa: miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alijua atazikwa hukohuko. Ahadi ilikuwa ya taifa.

Binti Sayuni
Amina. Na aya ya 5 hadi 7 hazifiki kwenye fulana: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, uombeeni mji ule.

Mzee wa Kanisa
Msiisome sura ya 29 bila ya 28. Mwaka wa nne wa Sedekia, mwezi wa tano, hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote. Yeremia ana nira shingoni, ishara ya kuitumikia Babeli. Nabii Hanania anasimama: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme Yekonia atarudi, nira ya Babeli imevunjwa. Yeremia anamjibu "Amina, Bwana afanye hivi." Hanania anaitoa ile nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja watu wakitazama. Yeremia anaondoka zake. Fikirini waliokuwepo walirudi nyumbani wakimwamini nani.

Tena Hanania hakuzua jambo geni. Isaya 10:27 ilishaahidi nira kuvunjwa, lakini ilikuwa nira ya Ashuru, zaidi ya miaka 100 nyuma, na Yerusalemu iliokolewa kweli. Ahadi ya kweli ikahamishiwa wakati usio wake. Hasara yake ni hii: aliyeamini miaka miwili hajengi, hapandi, haozeshi. Ndiyo maana barua inaanza na nyumba na bustani. Mwezi wa saba wa mwaka uleule Hanania alikufa.

Kwaya ya Vijana
Mzee, hii ya Hanania sijawahi kuisikia ikihubiriwa!

Mwana wa Ushindi
Wazee wangu, mnatupokonya ahadi. 2 Wakorintho 1:20, ahadi ZOTE ni Ndiyo. Sisi tunakiri na kupokea.

Kiongozi wa Jumuiya
Mpendwa, isome pamoja na "katika yeye", yaani Kristo. Chukua Yoshua 1. Aya ya 3, kila mtakapokanyaga nimewapa. Watu wanazunguka viwanja nayo. Aya ya 4 inataja mipaka: jangwa, Lebanoni, mto Frati, bahari kubwa. Hakuna waraka unaoligawia kanisa ardhi hiyo. Lakini aya ya 5, "sitakupungukia wala sitakuacha", Waebrania 13:5 inaileta kwa Wakristo waziwazi, tena kwenye onyo la kupenda fedha. Sura moja, ahadi mbili, matumizi mawili. Kwa hiyo uliza: aliambiwa nani, kuna sharti gani, Kristo aliifanyia nini, mitume waliirudia wapi.

Binti Sayuni
Sharti linasahaulika mno. Kumbukumbu 28 baraka ni aya 14, laana zinafika aya ya 68. "Kichwa wala si mkia" imo humo, na "ikiwa" yake.

Mwana wa Ushindi
Na Isaya 53:5 je, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona"? Mathayo 8:17 inaitumia sura hiyohiyo kwa wagonjwa halisi, si roho tu. Msiuzime moto.

Mzee wa Kanisa
Hapo una hoja, mwanangu, na wanaoifunga kwenye dhambi peke yake waisome Mathayo. Ila 1 Petro 2:24 inaitumia kwa dhambi. Na Paulo, aliyeponya wengi, alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Uponyaji umo msalabani. Tarehe ya kuupokea hatukupewa.

Nesi Mlokole
Anayewaambia wagonjwa waache dawa ili "wasimamie ahadi" anawaua. Asome 2 Wafalme 20:5-7. Mfalme Hezekia aliahidiwa kupona na kuongezewa miaka 15, kwa kinywa cha nabii. Isaya yuleyule akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa siku moja! Mgonjwa wa kisukari, wa presha, wa ARV aombewe akiwa na vidonge vyake mkononi, na asipunguze wala kuacha dawa ila kwa agizo la daktari baada ya vipimo.

Mwana wa Ushindi
Dada, sikusema waache dawa.

Nesi Mlokole
Najua, kaka. Nawaambia wanaosoma kimya.

Mama wa Maombi
Ahadi ukishaijua ni yako, ombea. Danieli 9:2 alisoma ile miaka 70 ya Yeremia akaona inatimia. Hakukaa kusubiri: alifunga, magunia na majivu, akaungama dhambi za taifa zima. Mimi husema soma aya kumi juu na kumi chini, kisha piga magoti.

Kwaya ya Vijana
Filipi 4:13, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", tumeiandika kwenye jezi za timu. Tuitoe?

Mama wa Maombi
Iacheni, wanangu. Ila msome aya ya 12 kabla ya mechi, kushiba na kuona njaa. Itawafaa mkifungwa pia.

Binti Sayuni
Na Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka ghalani?

Kiongozi wa Jumuiya
Hiyo ifunguliwe uzi wake, dada. Anza na kutafuta ghala lile lilikuwa la kulisha nani: Nehemia 13:10-12.