Mbuzi na ng'ombe wanaozurura mtaani: tupeane uzoefu

Mkazi wa Nala
Wakuu, mavuno yakiisha huku pembezoni mwa Dodoma mifugo inafunguliwa ikale mabua, na mwenye bustani ya mchicha ndiye anayelia. Mnaizuiaje, na ikishaingia mnafanyaje?

Mama Bustani
Kinyesi chao wenyewe. Jaza samadi mbichi ya mbuzi nusu ya ndoo ya lita 10, ongeza maji hadi juu, koroga, acha ilale usiku mmoja, chuja kwa gunia. Nyunyizia miche ya miembe na mipapai kwa ufagio. Mbuzi hapendi kula jani lenye harufu ya kinyesi. Mvua ikinyesha, rudia. Mchicha usiuguse, huo unaliwa na watu.

Jirani Mwema
Naunga mkono, hiyo inafanya kazi.

Fundi Senyenge
Dada, hiyo ni ya kusogeza siku tu. Uzio ndio dawa. Wengi wanapandisha nyaya juu wakati mbuzi anapita chini. Waya wa kwanza usizidi sentimeta 15 kutoka ardhini, wa pili na wa tatu ubane hivyo hivyo, kule juu ndiko uachie nafasi. Nguzo ya kona iwekewe mwega, la sivyo ukivuta waya inainama na uzio mzima unalegea.

Asiye na Uzio
Fundi, senyenge ni hela. Sumu kidogo kwenye pumba, watakoma.

Mkulima wa Kilifi
Hapana ndugu yangu! Kuua mnyama wa mtu ni jinai, na mbwa atakayekula mzoga atakufa naye. Halafu huku kwetu mbuzi akila majani mabichi ya muhogo mchungu anaanguka ghafla, anahema kwa shida, damu yake nyekundu ya kung'aa. Mwenye mbuzi anakimbilia kwa chifu kudai umemtilia sumu. Ukiwa umeshatamka neno hilo mbele za watu, utajitetea vipi?

Asiye na Uzio
Basi mwenye mbuzi amfunge! Kwa nini gharama iwe yangu?

Mzee wa Josho
Tulieni wanangu, kuna kubwa kuliko mchicha. Mkiona ng'ombe anazurura peke yake, udenda unamchuruzika, analia kwa sauti iliyokauka, miguu ya nyuma inayumba, msiseme tu kakwamwa na embe. Aliyekwamwa tumbo la kushoto hujaa upesi, na pengine uvimbe unashikika shingoni. Lakini kichaa cha mbwa nacho humfanya ashindwe kumeza, na hapo ndipo mtu anapoingiza mkono kinywani kutafuta embe lisilokuwepo. Mate yakigusa mchubuko, yanatosha. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mwiteni daktari wa mifugo, watoto wakae mbali, na mtu asimchinje ili kuokoa nyama.

Jirani Mwema
Mzee, kumbe hata ng'ombe! Na mbuzi je?

Mzee wa Josho
Mbuzi pia, na punda. Wote huupata waking'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Mama Bustani
Shikamoo mzee, asante. Nirudi kwa aliyeingia akiwa mzima: piga picha akiwa ndani ya shamba, mwite mtendaji na bwana shamba wahesabu mashina kabla hujang'oa wala kupanda upya. Ukishasafisha, tathmini imekufa.

Asiye na Uzio
Nikimfunga wakati nasubiri mtendaji?

Fundi Senyenge
Mfunge kivulini, mpe maji. Ng'ombe kwenye joto hunywa zaidi ya ndoo mbili za lita 20 kwa siku. Kitanzi cha shingoni kiwe cha fundo lisilojikaza, kipitishe ngumi yako. Cha kujikaza kitamnyonga, na utamlipa wewe.