Msaada wa haraka: mita janja imeniletea bili karibu mara 8 ya kawaida

Msumeno Butu (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina karakana ya mbao, mashine za fezi tatu, kuna randa, msumeno wa meza, kompresa na feni ya kunyonya vumbi, sio kiwanda kikubwa. Siku zote nalipia uniti 2,400 kwa mwezi, haipandi haishuki, hata bei za wateja nimezipanga kwa hesabu hiyo. Sasa jamaa wa umeme wakaja wakang'oa mita ya zamani wakafunga hizi mita janja zinazojisoma zenyewe na kutuma, bili ya kwanza imekuja uniti 18,580. Nimesoma mara ya kwanza nikadhani nimeshika ya mtu mwingine. Mita ni mbovu hilo halina ubishi, ninachotaka kujua ni namna ya kuthibitisha, na kama kuna anayejua mita ndogo nzuri ya kufunga ndani nilinganishe. Muda wa kulipa unaisha na silali. Matusi hapana.

Kipanga Mwekundu
Nimekaa siti ya mbele. Uzi uendelee.

Mzee wa Jenereta
Pole sana mwanangu. Mimi mita za kisasa nilizichoka ile 24/11/2024, mnakumbuka zile za tokeni? Zile za mfumo wa STS, ule wa kulipia kabla unaotumika nchi nyingi, zilizokuwa zinahesabu dakika kuanzia 1993, hesabu ikajaa, kwa hiyo kila mita ya hivyo ilitakiwa iingizwe tokeni za kubadili ufunguo, mbili, kila moja tarakimu 20. Meseji nilizipata mapema nikazipuuza nikidhani ni matapeli. Siku nanunua umeme mita inakataa, usiku, miwani siioni, mjukuu anasoma namba mimi nabonyeza, tukikosea moja tunaanza upya. Toka hapo nina jenereta na sina habari na mtu.

Fundi Waya
Mkuu tulia kwanza kabla hujaiita mbovu. Mashine za ukubwa huo mara nyingi umeme wote haupiti ndani ya mita, zinafungwa CT, vile vikoili vinavyovaa waya mkubwa, mita inasoma sehemu ndogo halafu inazidishwa. CT ya 150/5 maana yake zidisha kwa 30. Mita mpya ikiwa imeshawekewa hiyo 30 ndani na huko ofisini wakazidisha tena, bili ingekuja mara 30, sio mara 8. Na makosa ya kuunga CT karibu yote yanapunguza usomaji: ukigeuza moja kati ya tatu, mita inasoma theluthi moja tu ya matumizi kama lodi iko sawa kwenye fezi zote. Kwa hiyo hiyo mara 8 inanishangaza. Tupia bili hapa, ile sehemu ya usomaji wa mwanzo na wa mwisho. Ina mstari mmoja au miwili?

Msumeno Butu
Asante fundi. Bili iko ofisini nitaiangalia. Ila hata bila bili, uniti 18,580 karakana gani hiyo? Mashine zangu ni zilezile.

Profesa Mchana
Mleta uzi usitishwe. Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi walitoa utafiti 2017, wakapima mita za elektroniki, kuna zilizosoma mpaka asilimia 582 zaidi ya umeme uliotumika. Nenda nao mahakamani.

Fundi Waya
Profesa, ule utafiti upo ila malizia kuusimulia. Ilikuwa maabara, walibebesha mita taa za LED na za kubana matumizi zikiwa na dima, ile swichi ya kufifisha taa, umeme uliochafuka makusudi, na nyingine kati ya mita zilezile zilisoma pungufu. Karakana ya mota ni kitu kingine. Naomba bili mkuu.

Okoa Umeme 40
Ndugu usihangaike na barua. Kuna kifaa unachomeka kwenye soketi tu, bili inashuka asilimia 40. Njoo PM.

Fundi Waya
Hicho nilishakifungua. Ndani kuna kapasita moja ndogo na kitaa cha kijani cha kukupa moyo. Mita inahesabu kWh, yaani hizo uniti, kapasita hiyo haigusi kWh.

Shangazi wa Soko
Mimi nauliza tu, mwenzio nyumbani anajua kuhusu hii bili? Maana wanaume wa biashara mnaficha madeni mpaka siku dalali anagonga mlango. Mdogo wangu aliolewa na mtu wa hivyo, kila kitu "niachie mimi", mwisho wa siku gari limevutwa na yeye yuko ndani anasonga nywele. Mwambie leo.

Msumeno Butu
Shangazi shikamoo, hilo tuliache. Haya fundi, bili ina mistari miwili. Wa kwanza mita ya zamani kutoka 06310 mpaka 06790, mara 30, uniti 14,400. Wa pili mita mpya kutoka 0 mpaka 4,180. Sasa mnaona wenyewe, wamenichanganyia.

Binti Daftari
Kaka, mimi kazi yangu ni kulinganisha bili za kampuni, hapo sioni mchanganyo. Mita mpya kwa mwezi mmoja imesema 4,180. Mzigo mkubwa umetoka kwenye mita ya zamani, tena siku inang'olewa fundi wao alisoma 06790. Swali langu dogo tu: ile 06310 nani aliisoma?

Msumeno Butu
Ndiyo iliyokuwa kwenye mfumo wao dada.

Binti Daftari
Iliingiaje kwenye mfumo?

Kipanga Mwekundu
Hapa ndo utamu unaanza 😂

Msumeno Butu
Sikia, wao walianza wenyewe. Msomaji wao aliacha kuja, bili zikawa zinakuja za makadirio, 80 kwenye mita kila mwezi, mara 30 ndo hiyo 2,400. Baadaye wakasema wateja wa biashara tutume usomaji wenyewe kwa simu. Na ile mita ilikuwa juu ukutani nyuma ya rundo la mbao, mpaka uhamishe nusu ya karakana ndo uifikie. Kwa hiyo nikaendelea na namba yao wenyewe, naongeza 80. Sijaiba kitu, sijagusa waya, ni makadirio, na hata wao walikadiria hivyohivyo.

Binti Daftari
Ndo maana haipandi haishuki. Mita inayosomwa kweli haikupi 80, 80, 80, kuna mwezi una kazi nyingi kuna mwezi umefunga. Tukichukua 4,180 kugawa kwa 30 unapata kama 139. Kila mwezi ulikuwa unaacha 59 nyuma. Toa siku za mwisho kabla mita haijang'olewa ambazo hukutuma kitu, tuseme wiki mbili, kama 70, kwenye zile 480 (06790 toa 06310) inabaki 410, gawa kwa 59 ni miezi 7. Ulituma hivyo miezi mingapi?

Msumeno Butu
Kama hiyo hiyo. Lakini miezi 7 halafu uletewe kwa siku moja, nani analipa hivyo?

Mhasibu Mstaafu
Bili si kubwa, ni ya zamani, umeme uliutumia. Kibaya zaidi ni hiki, umesema bei za wateja umezipanga kwa 2,400. Kila meza uliyouza miezi hiyo imebeba gharama ya umeme ya kubuni. Rudi kwenye daftari lako kabla hujarudi kwa watu wa umeme. Vijana hamtaki kusoma mita, hamtaki kusoma mkataba, hamtaki kusoma chochote.

Msumeno Butu
Mzee nimekuelewa ila hiyo sio nilichouliza. Na niseme tu ukweli kuna fundi nimeshampa kianzio, anakuja kuivalisha mita boksi la chuma ili isitume data wakati naendelea na malalamiko. Sio kuiba, ni kuisimamisha tu kwa muda mpaka tuelewane. Barua ya kwamba mita ni mbovu iko tayari pia.

Fundi Waya
Hapana hapana hapana. Mkuu mita haihitaji mtandao ili ihesabu. Ina laini ya simu au redio ya kutumia kutuma, ila usomaji inautunza kwenye kumbukumbu yake, kila nusu saa au kila dakika 15 kutegemea walivyoipangilia. Ukiifungia mawimbi itaendelea kuandika, ukitoa boksi inatapika yote. Wakati huohuo kwenye kioo chao mita yako imegeuka ile "haijaonekana", wanaweza kukuwekea makadirio tena au kutuma mtu. Na huyo fundi akigusa kifuniko, akileta sumaku, akikata fezi moja, kuna daftari la matukio humo ndani, tukio, tarehe na saa. Leo una deni tu. Ukishafanya hivyo unakuwa na kesi.

Msumeno Butu
Lakini kianzio hakirudi.

Kipanga Mwekundu
Kianzio cha kuivalisha mita shati 😂😂 aisee

Sauti Kavu
Jamani mbona mnakunywa chai kimyakimya? Uzi wote nimeusoma. Mtu mwanzo hajui hata bili yake imeandikwaje, baada ya saa moja analeta 06310, 06790, mara 30, namba zinagawanyika safi kabisa mpaka Binti anapata miezi 7 bila mkia. Halafu katikati katokea wa kifaa cha asilimia 40. Mchezo ni huu: mmoja analeta kilio, mwenzake analeta dawa, wengine mnasukuma uzi ubaki juu. Nilishauona huu mtindo na vifaa vya kupunguza mafuta ya gari. Msumeno na Okoa ni mtu mmoja.

Okoa Umeme 40
Mimi simjui huyu ndugu. Ila kifaa kinafanya kazi.

Msumeno Butu
Sauti Kavu unanikosea heshima. Nina watu wanaonitegemea hapa, mimi nikae nitunge bili?

Binti Daftari
Kwa utetezi wake, hazijagawanyika safi. 410 kugawa 59 ni 6.95 na ile 70 niliikisia mimi mwenyewe.

Sauti Kavu
Hesabu ikigoma ni chai, ikikubali ni chai yenye tangawizi.

Mzee wa Jenereta
Wakati wetu tulikuwa tunaangalia sahani inavyozunguka. Ukiona inakwenda mbio unajua kuna pasi.

Fundi Waya
Kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi. Mkuu, kwenye kioo cha mita bonyeza mpaka utokee msimbo 1.8.0, hiyo ndiyo jumla ya umeme ulioingia kwako. Halafu kama wana ukurasa wa wateja, fungua matumizi ya Jumapili, ambapo hampo, utuambie kila nusu saa inasomaje. Mtu wa kutunga hawezi kujua karakana iliyofungwa inakula kiasi gani.

Sauti Kavu
Anaweza kugugo.

Msumeno Butu
1.8.0 sasa hivi ni 4,731, inasoma uniti kamili, haizidishwi. Jumapili tulifunga, hakuna mtu, nimefungua ukurasa nimeshtuka: saa 9 usiku 1.1, saa 9 na nusu 1.1, saa 10 ni 1.0, mchana 1.1, siku nzima hivyohivyo. Ndo maana nasema mbovu, inahesabu wakati hakuna kitu kimewashwa!

Fundi Waya
1.1 kwa nusu saa ni kilowati 2.2. Kwa saa 24 ni karibu uniti 53 siku ambayo hufanyi kazi. Huyo sio mita, huyo ni kitu kinachowaka. Kompresa huwa mnaizima?

Msumeno Butu
Kompresa haizimwi, inajizima yenyewe ikijaa.

Fundi Waya
Na inajiwasha yenyewe ikipungua. Kama mpira au kiunganishi kinavuja hewa, inajaza usiku kucha. Pita na maji ya sabuni kwenye viungio vyote, penye povu ndipo hela inapovujia.

Sauti Kavu
Sawa, naondoa neno chai. Nabaki na neno birika mpaka nione picha.

Binti Daftari
Kaka, ile barua ya mita mbovu usiipeleke. Sehemu nyingi ukiomba mita ipimwe na ikakutwa nzima, gharama ya kupima unabeba wewe, na hapo hapo wataanza kuuliza usomaji wa miezi ya nyuma ulitoka wapi. Siku mita inang'olewa ulipiga picha?

Msumeno Butu
Ipo. Inaonekana 06790 kabisa.

Binti Daftari
Basi usomaji wa mwisho huwezi kuupinga. Waombe vitu viwili: hizo 14,400 zisambazwe kwenye miezi zilikotumika, maana kama bei yenu inapanda kwa ngazi, kuziweka zote mwezi mmoja kunakuumiza bure, na deni ulilipe kidogokidogo. Ingiza pia kwamba waliacha kutuma msomaji, hapo una hoja ya kweli. Lakini usiseme mita.

Shangazi wa Soko
Na nyumbani?

Msumeno Butu
Shangazi nitamwambia. Nimepiga simu, wamesema niende na picha na bili, habari ya kulipa kwa awamu inazungumzika. Fundi wa boksi nimemwambia asije, kanizimia simu na kianzio changu. Kompresa tumeizima, kwenye kiunganishi cha pili povu lilikuwa linachemka kama linatucheka, tumebadili mpira. Nusu saa iliyofuata mita imesoma 0.2. Hiyo itakuwa taa ya nje tu.

Fundi Waya
0.2 kwa nusu saa ni wati 400. Hiyo sio taa moja mkuu, endelea kuzima moja moja.