Vipeperushi vya kazi ya kuosha makochi: saizi gani, maneno gani?

SafiMtaani: Habari zenu. Tunaosha makochi, mazulia na magodoro South B na Imara Daima, Nairobi. Nataka kuchapisha vipeperushi 1,000. Saizi gani inafaa, na mtu akisoma nini ndipo anapiga simu?

FundiChapa: Chukua A6, robo ya A4. Karatasi moja ya SRA3 (karatasi ya kuchapia, kubwa kidogo kuliko A3) hutoa nane, kwa hiyo 1,000 ni karatasi 125 tu. Uzito wa karatasi uwe gramu 130 hadi 150 kwa mita ya mraba. Ya gramu 80 hujikunja na wino huonekana upande wa pili. Faili iwe PDF ya rangi za CMYK (rangi nne za wino wa kuchapa), picha za dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), na rangi ya nyuma ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3. Bila milimita hizo, kisu kikiyumba kidogo unabaki na ukingo mweupe. Maandishi yakae milimita 5 ndani. Picha ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, la sivyo zinaminywa na kutoka na ukungu.

DadaMatangazo: Saizi sawa, lakini vingi huharibiwa na maneno. Usirundike huduma zote. Weka moja juu kwa herufi kubwa: "Tunaosha makochi nyumbani kwako, South B." Chini yake bei ya kila kiti; "bei nafuu" haimwambii mtu chochote. Kisha jibu yale anayojiuliza kabla hajapiga simu: siku ya mgao wa maji mnakuja na maji yenu? Kochi litakauka baada ya saa ngapi, hasa msimu wa mvua? Mashine itakula tokeni zangu za umeme? Picha iwe ya kazi yenu wenyewe, kochi moja, nusu chafu nusu safi. Namba ya simu nyeusi juu ya nyeupe, tafadhali. Samawati hafifu haisomeki kwenye ngazi zenye giza.

SafiMtaani: Asanteni sana. Naweza kubandika kwenye nguzo?

Mgawaji: Achana na nguzo, bila kibali cha kaunti unajitafutia kanjo, yaani askari wa kaunti. Ongea na keateka (msimamizi) wa kila ploti, yaani jengo la kupanga, kwanza. Gawa mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia. Tena chapisha 500 zenye alama SB pembeni na 500 zenye ID, umwombe anayepiga akusomee, ujue simu zinatoka mtaa gani.

FundiChapa: Na uitishe nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote. Piga namba ukiisoma kwenye karatasi hiyo, si kutoka kichwani.