Re: Binti yangu kambini, mweusi peke yake

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Tuko Minnesota, binti ana miaka 11. Rafiki yake wa shule anakwenda kambi ya kulala ziwani, wiki mbili za kiangazi, naye kang'ang'ania. Nimepekua picha za kambi hiyo, weusi ni wa kutafuta kwa tochi. Baba yake kakataa. Mliopitia mlifanyaje?
Mama J.

---

Mama J., wangu alikwenda. Usiwaulize kama wanakaribisha watu wote, nani atasema hapana? Uliza watafanya nini mtoto akishikwashikwa nywele, na walezi weusi wako wangapi. Anayekujibu akibabaika kwenye simu, achana nao.

Nywele: mistari ya kubana, rasta ndefu hapana, maana majini ni kila siku. Kofia ya kulalia na mafuta yake asisahau. Na afundishwe kuogelea kabla! Siku ya kwanza wanapimwa. Asiyeweza anabaki kina kifupi na wadogo. Wangu alilia hapo, si kwa ajili ya rangi.

Ada: matawi ya YMCA hupunguza kwa kuangalia kipato, omba mapema. Kwenye kodi, kambi ya kutwa ya mtoto chini ya miaka 13 inaweza kuingia kwenye nafuu ya malezi. Ya kulala haiingii.
Baba S.

---

Shikamoo Mama J. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mtoto. Mwenzangu wa kitanda cha juu alinisugua mkono aone kama rangi inatoka. Nyumbani tulilelewa tusijibizane na wakubwa, kwa hiyo kumwendea mlezi na kumwambia "sitaki, na wewe ulikuwa unacheka" kulinitoa jasho. Aliomba radhi mbele ya wote. Kiangazi kilichofuata nilirudi kwa kupenda mwenyewe, na sasa ni mwokoaji wa waogeleaji hapohapo. Simu kambini kwetu hawaruhusu, mpe bahasha zenye stempu awaandikie.

Baba akishikilia msimamo, ipo Camp Atwater, North Brookfield, Massachusetts. Ilianzishwa 1921 kwa ajili ya watoto weusi, enzi ambazo kambi nyingi ziliwafungia mlango. Mbali na kwenu, lakini aisome.
N.

---

Ahsanteni sana. Nimemsomea Baba J. yote. Rangi kaiacha, sasa anauliza kuhusu kupe.
Mama J.