Kusanyiko la kanisa lina lengo gani hasa?

Swali
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwa miezi minne nilikuwa nikimuuguza mama, nikawa sihudhurii ibada. Mahubiri niliyasikiliza redioni, nyimbo niliziimba jikoni, na sadaka niliituma kwa simu. Niliporudi, niligundua kwamba hakuna aliyejua kuwa sikuwapo. Ikiwa neno, wimbo na sadaka vinapatikana nyumbani, tunakusanyika kwa ajili ya nini?

Jibu la 1
Pole kwa kuuguza, dada. Tunapokemewa utoro husomewa Waebrania 10:25, lakini mstari wa 24, ambao ndio unaotaja sababu, huachwa: tuangaliane, tuhimizane katika upendo na matendo mema. Wakorintho nao hawakukosa kukusanyika. Ila mwenye chakula alikula akashiba na maskini akabaki na njaa, hata Paulo akawaambia, katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza, kwamba kukusanyika kwao kunawaletea hasara.

Jibu la 2
Nakubali, ila tusifanye ibada kuwa kikao cha kujuliana hali. Tunakwenda kwanza kumwabudu Mungu, na Meza ya Bwana haishirikiwi kwa redio.

Jibu la 3
Ndugu yangu, hayo mawili hayatengani. Yustino Mfiadini, aliyeandika Roma karibu mwaka 155, anaeleza kwamba siku ya Jumapili waumini walisoma maandiko, wakaomba, wakashiriki mkate na kikombe, kisha mashemasi wakawapelekea wasiokuwapo sehemu yao, na michango ikawasaidia yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Ili shemasi ampelekee mtu mkate, ni lazima ajue kwamba hakufika na mahali anapokaa. Sisi Wakatoliki tunalipata hilo katika jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970; kwetu mtu asipoonekana mara mbili, mwenyekiti wa jumuiya humpigia hodi. Je, dada, huko kwenu mna ibada za nyumba kwa nyumba?

Muuliza swali
Zipo, ila sijawahi kwenda. Jibu lako limenikumbusha bibi mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja. Tangu nirudi sijamwona, wala sijamuulizia. Jumamosi nitamtafuta kwake kabla ya ibada ya nyumbani.